Mayai ya Rafu ya Sita

Chumba kile hakikuwa na dirisha, kwa sababu yai la mwanamke halipendi jua. Taa zake zilikuwa za manjano hafifu, na mtu aliyeingia saa mbili asubuhi angedhani amerudishwa jioni ya jana. Mashine ya kuchuja hewa ilivuma kutwa kucha, kama mtu mwenye neno moyoni asiyejua pa kuanzia. Ukutani lilisimama kabati la joto lenye rafu sita, kila rafu na mlango wake mdogo wa kioo. Ndani mlikuwa na nyuzi thelathini na saba, joto la tumbo la mama. Rafu ya sita, ya chini kabisa, ilikufa mwaka juzi. Waya wake ulikatwa, na mlangoni pake pakabandikwa karatasi: HAITUMIKI.

Chumba kilikuwa na sheria moja iliyozidi zote. Sahani haihami, iwe ni kutoka rafuni kwenda mezani au kutoka mkono huu kwenda ule, mpaka mtu wa pili asimame kando. Wa kwanza anasoma namba ya faili kwa sauti. Wa pili, yaani shahidi, anatazama kibandiko, anatazama fomu, kisha anajibu: "Nimeona." Neno hilo moja ndilo linalozuia mtoto kuzaliwa katika nyumba isiyo yake.

Mwanamke aliyekuwa akilijibu alilijibu miaka kumi na tisa, hata watu wakaacha kumwita kwa jina lake. Walimwita Bi Nimeona. Aliingia pale na ndoo na tambara, akapiga deki miaka minne, na kila karatasi iliyotupwa aliisoma kabla ya kuichoma. Mwongozo wa hadubini uliomwagikiwa chai aliuanika akaujua kwa moyo. Siku shahidi wa zamani alipoacha kazi, wakubwa walitafuta mwenye cheti wakakosa. Wakamkuta mpiga deki akimsahihisha fundi, na mpiga deki ndiye aliyekuwa amesema kweli. Wakampa koti jeupe na mshahara wa mpiga deki. Hilo hakulisahau. Hakusahau jambo lolote yule mama. Mficho wa wakubwa, kicheko cha daktari fulani mlangoni, mwanamke aliyeambiwa "ni bahati mbaya tu" na kumbe fundi alipiga chafya, yote aliyahifadhi kama mtu ahifadhivyo mbegu za msimu ujao.

Mwaka huo hospitali ilikuwa ikizishindanisha njia mbili. Ya kwanza ni ya sahani: yai linawekwa likiwa bado limevaa wingu lake la chembechembe, mbegu za mume zinamwagwa kando, mlango unafungwa, na kila mmoja anamtafuta mwenzake kama watu wazima. Ya pili ni ya sindano: yai linavuliwa wingu, linashikwa kwa kimrija, na mbegu moja iliyochaguliwa na fundi inadungwa ndani kwa sindano nyembamba kuliko unywele. Waume walioletwa kwenye shindano hilo mbegu zao zilikuwa nzima. Sindano ilibuniwa kwa ajili ya wale ambao mbegu zao haziwezi kuogelea, na kwao ni mkombozi. Lakini mkuu wa hospitali alitaka ithibitike kwamba inawafaa watu wote, kwa kuwa mashine yake ilikwisha kununuliwa na ilikuwa imekaa pale ikitazama watu.

Mkuu huyo walimwita Bwana Asilimia. Hata ukimsalimu angekujibu kwa hesabu.

Na mdogo wake Bi Nimeona, tumbo moja, baba mmoja, alikuwa anakuja Alhamisi kutolewa mayai kwa mara ya tatu na ya mwisho. Ana miaka arobaini na moja. Mwili wake ulikwisha kuchoshwa na dawa, na daktari alimwambia wazi kwamba hapatakuwa na mara ya nne. Huyo mdogo ni dereva wa winchi kwenye maghala, mwanamke mwingi wa maneno. "Dada," alikuwa akisema, "mimi napandisha tani mbili kila siku, nashindwa kushusha kilo tatu!" Halafu anacheka peke yake, na Bi Nimeona anageuza uso.

Maana mara ya pili ilikuwa ya sindano, na Bi Nimeona alikuwapo. Yalitoka mayai sita. Fundi aliyavua mawingu yote, akatazama, akasema mawili yameiva na manne ni mabichi. Yale mawili aliyadunga. Moja lilipasuka kwenye sindano, la pili lilikaa siku mbili likanyauka. Yale mabichi manne yalitupwa palepale, na kwenye fomu ya ulinganisho hayakuandikwa. Mdogo mtu aliambiwa alikuwa na mayai mawili.

*

Jumatatu ya wiki hiyo, wakati ripoti inapigwa chapa ofisini, Bi Nimeona aliinama kuokota kalamu, na mkono wake ukagusa mlango wa rafu ya sita.

Ulikuwa na joto.

Akatazama waya. Waya ulikuwa umekatwa vilevile, ncha zake zimefungwa utepe mweusi. Akafungua mlango. Ndani palikuwa na sahani moja, safi, isiyo na kibandiko, haina jina, haina namba.

"Fundi," aliita taratibu.

Fundi wa sindano alikuwa mwanamume wa makamo, mwenye vidole vilivyotulia hata dunia ikitikisika. Alikuja huku akiimba chini ya barakoa, akaiona sahani, wimbo ukakatika.

"Nani kaiweka hiyo?"

"Nakuuliza wewe."

"Mimi sijaiweka. Mimi na wewe tu ndio tunaoingia humu, Bi Nimeona. Usinifanyie mzaha wa asubuhi."

Katika kazi ile sahani isiyo na jina ni kama mtoto aliyeokotwa njiani ambaye kila anayemgusa ataulizwa. Waliiweka chini ya hadubini. Mayai manne. Hayakuwa na wingu. Na ndani ya kila yai palikuwa na viduara viwili vimekaa bega kwa bega, alama kwamba yai limeshika, ile wanayoiita macho. Mayai manne, macho manane, yamewatazama.

"Hayo yameshika," Fundi alinong'ona. "Yameshika vizuri kuliko yangu yote ya mwezi huu."

"Ya nani?"

"Sijui."

"Basi hatuna la kufanya."

Sheria ni sheria. Waliitupa, na Fundi alinawa mikono mara tatu.

Jumanne asubuhi ilikuwapo nyingine. Mayai matatu, macho sita. Safari hii Fundi hakutaka hata kuinama. "Itupe," alisema. "Itupe, na mimi sijaona kitu."

Lakini Bi Nimeona alikuwa na daftari lake. Si daftari la hospitali. Ni la jalada la kijani, lililokaa mfukoni mwa koti tangu enzi za ndoo. Humo aliandika kila yai lililopita mbele ya macho yake, lililotumika na lililotupwa, maana mama yake alimfunza kwamba ukihesabu watoto mezani, mhesabu na aliyenuna. Akafungua. Jumapili, mabichi yaliyotupwa: manne. Jumatatu, mabichi yaliyotupwa: matatu.

Jumanne hiyo mayai yote yalikuwa yameiva. Halikutupwa hata moja. Na Jumatano alipofungua rafu ya sita, ilikuwa tupu na baridi kama jiwe.

Akakaa kwenye kiti cha hadubini. Alianza ukurasa wa kwanza wa shindano, akajumlisha. Upande wa sindano yalitolewa mayai mia nne. Mia mbili na tisini na sita yalikuwa yameiva, yakadungwa. Yaliyoshika yalikuwa mia mbili na kumi na mawili. Upande wa sahani yaliwekwa mia nne, yakashika mia mbili na ishirini. Sasa Bwana Asilimia aliandikaje? Aliandika sindano sabini na mbili kwa mia, sahani hamsini na tano kwa mia. Sindano imeshinda, watu wapige makofi! Lakini sindano aliigawia yale yaliyoiva peke yake, na sahani akaigawia yote, mabivu na mabichi. Ukigawa sawa kwa sawa, sindano inapata hamsini na tatu. Na upande wa watoto waliozaliwa, pande zote mbili zilikuwa sawasawa, hakuna aliyemzidi mwenzake kitu.

Palikuwa na mayai mia moja na manne chini ya meza. Yalitupwa, hayakuandikwa, na wenyewe hawakuambiwa. Hivi ndivyo wakubwa wahesabuvyo siku zote: kinachowapendeza hukaa juu ya mstari, kinachowaudhi hufagiliwa. Na anayefagia ndiye anayejua.

*

Alimkuta Bwana Asilimia ofisini, anapuliza chai.

"Daktari, mayai mia moja na manne yako wapi?"

"Yapi hayo, dada?"

"Mabichi ya sindano."

"Aah." Alitabasamu. Alikuwa mtu mpole sana. Kwa upole wake alikwisha kufukuza watu watano. "Bichi halihesabiwi. Utamhesabuje mgeni ambaye hakuingia nyumbani?"

"Mbona kwenye sahani mmeyahesabu?"

"Kwenye sahani hatuyajui. Yamevaa mawingu yao. Na mengine, kusema kweli, huiva usiku humohumo."

"Basi watu wawili mnawapima uzito, mmoja uchi, mwingine kavaa koti la mvua na buti, halafu mnatangaza huyu ndiye mnene!"

Daktari akacheka, akafuta mdomo. "Una akili wewe. Ungesoma ungefika mbali." Kisha akavuta ripoti kutoka kwenye droo, akaifungua ukurasa wa mwisho. Palikuwa na mistari miwili. Mmoja ulikuwa na saini ya Fundi. Wa pili ulikuwa wazi, na chini yake pameandikwa: *Shahidi.* "Ijumaa saa nne naipeleka mkutanoni. Bila saini yako haiendi. Kuanzia wiki ijayo kila yai ni sindano, na sahani tunazifunga kabatini."

"Na mdogo wangu kesho?"

"Mdogo wako fomu yake inasema sindano."

"Mumewe hana tatizo lolote. Mbegu zake zinakimbia kama zimesikia mshahara umetoka. Na mayai yake yanachelewa kuiva, mnajua. Mkimvua mawingu mtamtupia nusu. Mpeni sahani."

Bwana Asilimia alimtazama, akaisukuma kalamu mezani, taratibu, kwa kidole kimoja.

"Mimi si katili, dada. Tia saini hapo, na kesho mdogo wako anapata sahani. Neno langu."

Angeweza kuirusha ile kalamu. Miaka kumi na tisa aliwaambia wenziwe jikoni kwamba siku moja atairusha. Lakini nyuma ya kalamu alimwona mdogo wake akicheka peke yake. Wanawake watakaokuja wiki ijayo hawakuwa na sura. Mdogo wake alikuwa nayo. Akachukua kalamu, akatia saini. Kwa mazoea ya kazi, mdomo wake ukasema kabla hajauzuia:

"Nimeona."

"Ndivyo," alisema daktari.

*

Alhamisi yalitolewa mayai tisa. Tisa! Mdogo mtu alipozinduka kwenye usingizi wa dawa, swali lake la kwanza lilikuwa, "Ngapi?" Alipoambiwa, akasema, "Hao ni timu ya mpira bado wawili," akalala tena.

Saa tisa mchana Fundi aliyaweka kwenye sahani yakiwa na mawingu yao, akamwagia mbegu za shemeji, akasoma namba ya faili. Bi Nimeona alitazama kibandiko, akatazama fomu, akajibu. Sahani ikaingia rafu ya pili. Aliufunga mlango kwa mikono yote miwili.

Ijumaa saa mbili asubuhi, baada ya saa kumi na saba, walikuja kutazama. Fundi alisoma namba, naye akajibu. Kibandiko kilikuwa kilekile, mwandiko wake mwenyewe. Fundi akaweka sahani chini ya hadubini, akainama, akaisogeza kushoto, akairudisha kulia, akaanza upya.

"Fundi?"

"Njoo uangalie."

Maji ya sahani yalikuwa safi kama machozi. Hapakuwa na yai. Hapakuwa hata na utando wa wingu. Mbegu za shemeji zilikuwa bado hai, zinazungukazunguka na kurudi, kama watu waliofika harusini wakakuta nyumba imehamwa.

Hakuna aliyesema "rafu ya sita." Waligeuka tu kwa pamoja. Kioo cha mlango ule wa chini kilikuwa na ukungu kwa ndani, kama mtu anapumua.

Fundi ndiye aliyeifungua safari hii. Sahani ilikuwa moja, isiyo na jina. Mayai tisa yote yalikuwa yamevuliwa. Yote yameshika, macho kumi na manane.

"Tisa kwa tisa," Fundi alisema, na sauti yake ilitetemeka kwa hofu na kwa kitu kingine, tamaa. "Mia kwa mia. Bi Nimeona, sijawahi kuona. Ni yake. Ni ya nani tena kama si yake? Jana humu hakukuwa na mgonjwa mwingine."

"Nani aliyahamisha?"

"Sijui! Lakini tubandike jina, tumalize. Mimi nasoma namba, wewe unajibu. Neno moja tu. Umelisema mara elfu ngapi?"

Kibandiko kitupu kilikuwa mezani. Alihitaji kuandika namba sita na kufungua mdomo. Nje, kwenye benchi la korido, mdogo wake alikuwa amekaa na shemeji tangu saa moja, wanasubiri. Mayai tisa, macho kumi na manane, uzuri wa kutisha, hakuna lililokosea. Bi Nimeona aliinama kwenye hadubini tena. Hapo ndipo nywele zilipomsimama. Miaka kumi na tisa aliyatazama macho ya mayai, yakakaa yalivyokaa. Haya yaligeuka. Aliposogeza kichwa kushoto, viduara vilifuata. Yalikuwa yanamsubiri aseme.

Na akajua, kama mtu anavyojua harufu ya nyumba yao. Juzi alisema ameona, na hakuwa ameona. Aliwafagia wenye mayai mia moja na manne kwa mkono wake mwenyewe. Na rafu ya sita haikuwa na upendeleo: imeyachukua mayai ya mdogo wake pia, yakakae na wenzake yasiyo na jina. Akisema sasa neno lile juu ya sahani hii, ataingiza tumboni mwa mdogo wake kitu ambacho hakuna aliyekiona kikifika.

"Siwezi kusema," alisema. "Sijaona."

"Una wazimu! Ni mdogo wako!"

"Ndiyo maana." Akatoa daftari la kijani mfukoni. "Leo mimi nasoma, wewe unajibu."

"Mimi ni wa sindano, si shahidi."

"Wewe ndiye uliyeyatupa. Kaa hapo."

Akafungua ukurasa wa kwanza, akasoma kwa sauti ileile ya kazi, isiyopanda wala kushuka. Hakusoma namba peke yake. Aliwasoma kama alivyowakumbuka. Faili la kumi na moja, mshona nguo aliyekuja na shanga ya uzi shingoni, mabichi mawili. Akanyamaza, akasubiri jibu. Fundi hakujibu. Faili la kumi na nne, muuguzi wa zamu aliyeogopa sindano, bichi moja. Faili la kumi na tisa, yule bibi wa posta aliyeleta mto wake mwenyewe, mabichi matano.

"Nimeona."

Sauti ilikuwa ya chini, ya nyuma yake kidogo. Alijua Fundi amesalimu amri, akaendelea bila kuinua uso. Faili la ishirini na mbili, mchuuzi wa viatu, mabichi matatu.

"Nimeona."

Faili la ishirini na saba, karani wa mahakama, bichi moja.

"Nimeona."

Hapo akatambua kwamba ile ya tatu haikufanana na ya pili, wala ya pili na ya kwanza. Akainua uso. Fundi alikuwa amesimama ukutani mbele yake, si nyuma. Barakoa ilikuwa imening'inia kidevuni. Midomo yake ilikuwa imefungwa, na macho yamemtoka.

"Usiache," Fundi alisema kwa pumzi. "Mama yangu, usiache kusoma."

Akasoma. Mashine ya hewa ilikuwa imenyamaza. Hakujua ilinyamaza saa ngapi. Kila faili lilijibiwa, na kila jibu lilikuwa na sauti ya mwenyewe: ya kikohozi, ya aibu, ya mwanamke mwenye pengo, ya yule aliyehamia mbali, ya yule aliyekufa mwezi wa nne. Nyingine alizitambua kabla hazijaisha. Katikati Fundi naye alianza kujibu pamoja nazo, machozi yakimwingia mdomoni, na kila alipojibu alitazama vidole vyake. Sabini na mawili. Themanini na manane. Mia moja hasa.

Lilibaki faili moja, lile alilokuwa ameliruka.

"Dereva wa winchi," alisoma, na sauti yake ikakatika kwa mara ya kwanza. "Mara ya pili. Mabichi manne."

Na sauti ya mdogo wake, palepale sikioni, nzito ya usingizi, ikasema: "Nimeona."

Mashine ya hewa ikaanza kuvuma.

Kioo cha rafu ya sita hakikuwa tena na ukungu. Sahani iliyokuwa mezani, ile isiyo na jina, ilikuwa kavu, na vumbi la mwaka juzi ndani yake. Fundi alisoma namba iliyokuwa kwenye sahani ya rafu ya pili, Bi Nimeona akajibu kwa sauti ya kukwaruza, wakaiweka chini ya hadubini. Mayai yalikuwapo. Tisa, kila moja na wingu lake limelegea, kama watu waliolala na nguo zao. Waliyasafisha moja moja. Sita yalikuwa na macho. Matatu hayakuwa na kitu. Mawili ni mabichi na moja liliiva tu bila kushika.

Hayakuwa tisa kwa tisa. Na yale macho yalikaa yalivyokaa, hayakumfuata mtu.

*

Bwana Asilimia aliikuta ripoti kwenye meza ya mlangoni mwa maabara saa tatu na nusu, tai shingoni, mkoba mkononi. Saini ya shahidi ilikuwa imekatwa kwa mistari miwili. Juu yake palikuwa na mwandiko wa mpiga deki: *Mayai 104 ya upande wa sindano hayamo katika hesabu hii. Yalikuwapo. Nimeyaona.* Pembeni pake, kwa mkono uliotulia kuliko yote pale hospitalini, Fundi alikuwa ameongeza: *Nami.*

"Unajua ulichofanya?" Upole ulikuwa umemtoka wote.

"Najua. Nimehesabu na aliyenuna."

"Tulikubaliana, wewe!"

"Tulikubaliana uongo, daktari. Njia ya mwongo ni fupi, na yako imeishia mlangoni hapa. Ipeleke hivyo ilivyo, au usiipeleke."

"Kesho usije kazini."

"Kesho nitakuja. Sahani ya mdogo wangu iko rafu ya pili, na haihami bila shahidi. Au utaingia kusema wewe?"

Daktari alitazama mlango wa maabara, kisha akamtazama Fundi, aliyesimama kando yake akikunja mikono ya koti. Hakuna aliyejua alichokiona usoni mwa Fundi, lakini aliondoka na mkoba wake bila ripoti.

Kabla ya kwenda kwa mdogo wake, Bi Nimeona alirudi ndani, akainama na kuweka kiganja ndani ya rafu ya sita. Haikuwa na moto wa Jumatatu. Wala haikuwa baridi. Ilikuwa na uvuguvugu wa kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi.

Koridoni, shemeji alisimama haraka, kofia mkononi. Mdogo mtu alikuwa bado amejiegemeza ukutani, anapikicha macho.

"Samahani, dada, usingizi ulinichukua. Kumbe ulikuwa unaniita? Nimekusikia kabisa. Nikaitika, huyu shemeji yako akaniambia naweweseka."

Bi Nimeona alikaa karibu naye.

"Uliitika ukasemaje?"

"Sikumbuki. Ngapi, dada? Niambie."

"Yalikuwa tisa. Sita yameshika. Matatu hayakushika."

Mdogo wake alifumba macho, akamshika mkono, akaubana kwa nguvu ya mtu anayepandisha tani mbili. Shemeji akageukia ukuta.

"Na hayo matatu," mdogo mtu aliuliza mwishoni, "mmeyafanyaje?"

Katika miaka kumi na tisa, hakuna mwanamke aliyepewa nafasi ya kuliuliza swali hilo. Bi Nimeona akafungua daftari la kijani juu ya mapaja ya mdogo wake, akamwonyesha mstari wa mwisho, wino wake bado haujakauka.

"Haya hapa," alisema. "Tazama mwenyewe."

Mdogo wake akainama, akatazama.